Saratani ya Titi Inapohamia Tumboni

Leo nakuja na habari ya saratani ya matiti, ila si ile sehemu uliyozoea kuisikia. Habari ya kujipapasa, ya uvimbe kwenye kwapa, ya chuchu kuingia ndani, imesemwa sana, na iendelee kusemwa. Mimi leo nataka tuzungumzie tumbo.

Ndiyo, tumbo. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa miaka 58. Miaka 9 iliyopita alikutwa na saratani kwenye titi la kushoto. Akapasuliwa, akachomwa mionzi, akameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, miaka 5 bila kukosa hata kidonge. Alipomaliza, ndugu wakakusanyika, ikasomwa dua ya shukrani, watu wakala pilau wakatawanyika. Maisha yakaendelea. Sasa amekuja zahanati, analalamika kwamba akila vijiko vinne vitano tu ameshiba. Tumbo limejaa gesi. Mara nyingine chakula kinarudi. Anaulizwa hali hii imeanza lini, anasema huu mwezi wa pili. Anaulizwa kama ana kisukari au presha, anasema hana. Anaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, anaambiwa apunguze pilipili na maharage, arudi baada ya wiki mbili.

Mama huyu nimemtunga kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini daktari yeyote wa saratani akimsikia atamtambua. Na ukirudia maelezo yake utaona kuna jambo halikutajwa. Hakuna aliyemuuliza habari ya titi, na yeye hakulisema. Angelisemaje? Anaumwa tumbo, hakuja kwa habari ya kifua.

Sasa nieleze jambo moja la msingi. Saratani ikitoka kwenye titi ikaenda kukaa kwenye ini, haigeuki kuwa saratani ya ini. Inabaki saratani ya titi, na inatibiwa kama saratani ya titi, hata ikiwa mbali kiasi gani na ilikoanzia. Msibani utasikia mtu anasema, marehemu alikuwa na kansa ya titi, akapona, baadaye akapata kansa ya mifupa, halafu ya ini, kana kwamba ni magonjwa matatu yaliyomwandama mtu mmoja. Mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja uliokuwa unahama.

Ukihama, una njia zake. Madaktari wanajua waangalie wapi: mifupa, mapafu, ini, ubongo. Hizo ndizo sehemu za kawaida. Njia ya chakula, yaani koo la chakula, mfuko wa chakula wenyewe, utumbo mdogo na utumbo mpana, haimo kwenye orodha ya mbele. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walitoa taarifa baada ya kupekua kumbukumbu za wagonjwa 12,001 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imeshasambaa mwilini. Ni 73 tu ambao ilithibitika kwamba imefika kwenye njia ya chakula au kwenye utando unaofunika matumbo. Na tangu titi lilipougua hadi tumbo kugundulika, ilipita miaka 7 hivi.

Kuna atakayesema, watu 73 kati ya 12,001 ni wachache mno, kwa nini utuchukulie jioni yetu? Nina majibu mawili. La kwanza, hao ni wale waliogundulika wakiwa hai. Uchunguzi wa maiti umekuwa ukionyesha kwamba ugonjwa hufika tumboni mara nyingi zaidi ya inavyojulikana mgonjwa akiwa hai. La pili, ambalo ndilo lililonifanya nije hapa studio, ni kwamba hatari hii haikugawanywa sawa kwa wote. Ipo aina moja ya saratani ya matiti ambayo inalipenda tumbo kuliko nyingine.

Titi lina vitezi vinavyotengeneza maziwa, na lina mirija inayoyapeleka maziwa hayo hadi kwenye chuchu. Saratani nyingi za matiti, saba au nane kati ya kumi, ni za aina ambayo tangu zamani imehusishwa na mirija. Ile inayofuata kwa wingi, kama 10 hadi 15 kati ya kila 100, imehusishwa na vitezi vyenyewe. Inaitwa saratani ya lobula. Kwenye karatasi ya majibu utaikuta kwa Kiingereza, lobular. Kama wewe au mama yako mna karatasi hiyo nyumbani, itafuteni leo usiku mlione neno lililoandikwa pale.

Mwaka 1993 kule Marekani ulichapishwa utafiti uliolinganisha aina hizi mbili kwa wagonjwa 2,605. Waliokuwa na saratani ya mirija, iliyofika njia ya chakula ilikuwa ni 0.2 kwa kila 100, yaani watu 2 kwa kila 1,000. Waliokuwa na ya lobula, ilikuwa 4.5 kwa kila 100, yaani 45 kwa kila 1,000. Tofauti hiyo si ndogo, msikilizaji. Ukiongeza ovari, utando wa matumbo na sehemu za nyuma ya matumbo zinakopita mirija ya figo, utaona ni ugonjwa wenye ramani yake yenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Seli za mwili wetu hazikai ovyo. Zimeshikana, na moja ya protini zinazozishikanisha inaitwa E-kadherini. Kwenye saratani ya lobula, protini hiyo mara nyingi imepotea. Seli zinaachiana. Badala ya kujikusanya na kufanya uvimbe mgumu unaoshikika kwa vidole, zinasambaa moja moja, zimejipanga mstari, zinapenya katikati ya nyama nzima bila kuibomoa. Mtaalamu wa patholojia akiweka kioo chake chini ya hadubini anaiona mistari hiyo waziwazi. Lakini mkono hauihisi vizuri, na picha ya mamografia huikosa mara nyingi kuliko aina nyingine. Mwanamke anaweza kuona tu kwamba titi limekuwa zito upande mmoja, au limekaza, au limebadilika umbo, lakini akitafuta uvimbe haupati. Tabia hiyohiyo ya kujificha ndiyo inayokwenda nayo tumboni.

Mwaka 1889 alikuwepo daktari wa upasuaji London, jina lake Stephen Paget. Alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akitaka kujua kama ugonjwa unakwenda popote damu inapoupeleka, au unachagua. Akaona ini linapatwa mara nyingi, bandama kwa nadra sana, ingawa damu inafika kote kuwili. Akasema ni kama mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini haioti mpaka iangukie udongo unaoikubali. Zaidi ya miaka 130 imepita na watafiti bado wanalirudia wazo lake. Kwa nini udongo wa tumbo uikubali mbegu ya lobula namna hii, jibu kamili bado linatafutwa.

Ila iko habari moja kutoka New Zealand ambayo, kwangu mimi, inafungua dirisha. Huko kulikuwa na ukoo wa Wamaori uliokuwa ukipoteza watu kwa saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi, wengine wakiwa bado vijana. Wenyewe hawakukubali kukaa na kungoja. Wakaenda kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakatoa damu zao na historia ya ukoo wao, na mwaka 1998 ikatangazwa kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo CDH1. Kazi ya jeni hiyo ni ipi? Ni kutengeneza E-kadherini, protini ileile niliyokutajia. Na baadaye ikaonekana kwamba wanawake waliorithi hitilafu hiyo wana hatari kubwa pia ya kupata saratani ya titi, ya aina ya lobula. Protini moja ikikosekana kwenye tumbo, inatokea saratani ya tumbo inayosambaa ndani ya ukuta bila kufanya uvimbe. Ikikosekana kwenye titi, inatokea lobula. Ndiyo maana seli za saratani hizi mbili chini ya hadubini zinafanana hata kumbabaisha mtaalamu. Naharakisha kusema kwamba wanawake wengi wenye saratani ya lobula hawakuirithi kwa mtu. Hitilafu ilianzia kwenye titi lenyewe. Kwa hiyo usimtazame bibi yako vibaya.

Turudi kwa mama yetu. Wiki mbili zimepita, dawa hazikusaidia, amepungua kilo kadhaa, nguo zinamvaa. Anapewa rufaa, anapelekwa kupigwa kipimo cha kamera. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, analala ubavu wa kushoto, mpira mwembamba unapita mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula. Na hapo ndipo ugonjwa huu unapowachezea watu. Ngozi ya ndani inaweza kuonekana nzuri kabisa, ya waridi, haina kidonda wala uvimbe. Ugonjwa uko chini yake, kwenye tabaka za ndani za ukuta. Anayeshika kamera akipuliza hewa, anaona tumbo halitanuki inavyopaswa. Limekakamaa. Ndiyo sababu ya kushiba kwa vijiko vinne: chakula hakina pa kukaa. Asipolitilia maanani hilo, akanyofoa kinyama cha juujuu, majibu yatarudi kwamba ni michubuko ya kawaida, na mama atarudishiwa dawa zilezile. Akijua kwamba mgonjwa aliwahi kuugua titi, atanyofoa kwa kina, palepale mara ya pili na ya tatu, na vinyama vingi.

Kinyama chenyewe ni cha milimita chache. Kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, kinapelekwa maabara, kinagandishwa ndani ya kipande cha nta, kinakatwa kwa mashine vipande vyembamba ambavyo mwanga unapenya, kinatiwa rangi. Mtaalamu anaona seli za saratani, nyingine zimevimba upande mmoja mithili ya pete. Sura hiyo ndiyo sura inayojulikana sana ya saratani ya tumbo. Kama hakuambiwa kitu, ataandika saratani ya tumbo, na wala hatakuwa amezembea. Ameandika anachokiona.

Kama ameambiwa, ataomba vipimo zaidi vya rangi maalumu. Kuna vya kutafuta vipokezi vya homoni ya estrojeni, kuna cha GATA3 ambacho mara nyingi hushika kwenye seli zilizotoka kwenye titi, kuna cha CDX2 ambacho aghalabu hushika kwenye seli za utumbo na si za titi. Vikisomwa pamoja, na ikiwezekana vikilinganishwa na kinyama cha titi cha miaka ile, jibu linapatikana. Vipimo vya aina hii vinafanyika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, vinafanyika katika hospitali kubwa za Nairobi. Ukiwa mbali na miji mikubwa, kinyama lazima kisafiri, na familia isubiri, na mara nyingi familia hiyohiyo ndiyo ilipie. Naujua uzito wa maneno hayo kwa nyumba ambayo tayari imeuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu ya kwanza. Nayasema hata hivyo, kwa sababu ya kile kinachofuata jibu likikosewa.

Saratani ya tumbo, ikionekana haijasambaa, hutibiwa kwa kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula au wote. Ni upasuaji mkubwa, na maisha baada yake ni ya kula kidogokidogo mpaka mwisho. Fikiria mama wa miaka 58, aliyedhoofu, aondolewe tumbo lote kwa ugonjwa ambao haukuanzia hapo, na ambao huenda uko pia kwenye mifupa na kwenye utando wa matumbo. Anapitishwa kwenye mateso ambayo hayamponyi. Au anapewa tibakemikali ya saratani ya tumbo, ambayo si lazima iwe ndiyo inayofaa kwa ya titi. Na wakati huohuo ingewezekana akapewa kidonge. Saratani nyingi za lobula hulishwa na homoni, kwa hiyo dawa za kuzuia homoni huziweza vizuri, iwe ni dawa mpya kwake au dawa ya kundi jingine ikiwa ile ya mwanzo imeshindwa. Kisu huwekwa akiba kwa ajili ya utumbo ulioziba, damu isiyokatika, au tumbo lililotoboka. Hapa ndipo moyo wangu unapouma, msikilizaji. Kati ya kukatwa tumbo na kumeza kidonge kuna sentensi moja ambayo haikusemwa.

Nisikudanganye. Saratani ikishafika huko, madaktari hawazungumzii tena kuimaliza. Wanazungumzia kuituliza, mgonjwa ale, alale, atembee, awe na watu wake. Wako wanaopata miezi, wako wanaopata miaka. Wanaopatiwa dawa inayolingana na ugonjwa wao wana nafasi nzuri kuliko wanaotibiwa ugonjwa ambao si wao.

Na usiseme, ah, mimi yangu ilikuwa zamani sana. Saratani za matiti zinazolishwa na homoni zina subira. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake waliomaliza miaka 5 ya dawa za homoni wakiwa hawana dalili yoyote, ukaona kwamba ugonjwa uliendelea kuwarudia baadhi yao mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka wa 20. Wengi haukuwarudia. Lakini kwa wale wachache, ulirudi wakati ambapo hata wajukuu hawajui kwamba bibi aliwahi kuugua.

Hapo nataka nikae kidogo. Kwetu, ugonjwa uliopita unafunikwa. Mwanamke amevumilia kuchungulia kifua chake kwenye kioo, amevumilia wifi waliosema maneno, amesimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya, au amesomewa dua na mashehe. Leo umwambie arudi kulitaja titi mbele ya kijana wa kiume aliyevaa koti jeupe, wakati anachoumwa ni tumbo? Anaona ni kama kuirudisha shukrani yake. Mama yangu, dada yangu, si hivyo. Umshukuru Mungu, na daktari umwambie. Mambo hayo mawili hayajawahi kugombana. Na wewe kijana unayemsindikiza mama hospitali, unayemshikia mkoba pale kwenye benchi, kama unajua na yeye amenyamaza, muombe ruhusa uliseme wewe.

Kisha kuna karatasi. Hospitali zetu nyingi hazisomani. Faili la upasuaji liko mkoa mmoja, la mionzi liko Taasisi ya Saratani Ocean Road, la kliniki liko kwingine kabisa. Historia yako nzima imo kwenye ile bahasha ya kaki iliyo juu ya kabati, na bahasha hiyo inaliwa na mchwa. Itoe. Ripoti ya patholojia ipige picha kwa simu, mtumie mtoto mmoja unayemwamini. Na ujue kwamba kile kipande cha nta chenye kinyama cha titi lako maabara hukihifadhi. Una haki ya kuuliza kama bado kipo, na daktari anaweza kukiomba kilinganishwe.

Sasa tusitishane. Sitaki mtu atoke hapa akianza kulia kwa sababu jana tumbo liliunguruma. Wanawake waliowahi kuugua titi wanapata gesi, wanapata vidonda vya tumbo, wanapata minyoo, wanafunga choo kwa sababu ya dawa, kama watu wengine wote, na hayo ndiyo mengi. Hata pale kinapokutwa kitu kwenye utumbo, mara nyingi zaidi huwa ni ugonjwa mwingine kabisa, na si ule wa titi uliohama. Ndiyo maana kinyama kipimwe, mtu asibuni. Ninachokuomba ni hiki: ikiwa uliwahi kuugua titi, na sasa unashiba upesi bila sababu, chakula kinakwama au kinarudi, uzito unashuka, tumbo linajaa maji, choo kimekuwa cheusi au kimebadilika, na wiki mbili tatu za dawa hazikuleta nafuu, usinunue dozi ya tatu ya duka la dawa. Rudi hospitali, na neno lako la kwanza liwe titi.

Namalizia na ninyi mlio kazini kwenye zahanati, vituo vya afya na vyumba vya kamera, maana najua mnasikiliza, wengine mko zamu. Ile fomu inayofuatana na kinyama kwenda maabara ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa. Foleni ikiwa ndefu, nafasi hiyo hujazwa kwa maneno mawili, maumivu ya tumbo, au huachwa tupu. Mwenzenu wa patholojia hamwoni mgonjwa. Hajaona kovu kifuani, hajasikia habari ya tamoksifeni. Mwandikieni: aliugua titi lipi, mwaka gani, aina gani kama inajulikana, alitumia dawa gani na kwa muda gani. Na kama mgonjwa hakumbuki aina, andikeni hivyohivyo, kwamba aliugua titi na aina haijulikani, ili naye ajue cha kutafuta.